Wajumbe wa Papa Byamungu

Siku ya kuniaga ofisini waliniomba niandike kurasa mbili kwa ajili ya maafisa wapya. Kurasa hizo nimeziandika kwa Kiingereza, safi, hazina chumvi, na nina hakika zimekwisha kuwekwa mahali pasipofunguliwa. Hizi ni nyingine. Nawaandikia nyinyi wachache mnaokisikia Kiswahili ingawa mkiulizwa mnajibu Kiingereza, kwa sababu kosa nitakalolieleza hapa Maureen, Mwingereza aliyenifundisha kazi, asingeweza kulifanya hata angetaka. Lilihitaji mtu wa kwetu.

Cheo na mshahara sitavitaja. Cheo kilikuwa kidogo, na mshahara mnaujua.

Kabla ya probesheni nilikaa miaka mitatu katika ofisi nyingine ya serikali, iliyokagua fomu za watu wanaofungua biashara pamoja. Kazi yangu ilikuwa kusoma mikataba ya ubia: nani anatoa nini, nani ana sauti gani, na wakikosana waachane vipi. Wazee wetu walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, lakini hawakukaa kwenye ile meza kuona ni nyumba ngapi zinaungua. Nilitoka pale nikiamini kwamba ubia ni ndoa isiyo na kadhi. Wawili wanapendana, wanatia saini, na hakuna shangazi wa kuuliza kama bwana harusi ana tabia ya kupotea.

Nikahamia probesheni, Croydon, kusini mwa London, kwenye jengo lenye lifti iliyokuwa ikipanda inapotaka. Kwa wasiojua kazi hii: mfungwa akitoka gerezani kabla ya kifungo chake kwisha, hatoki huru kabisa. Hutoka na karatasi ya masharti. Alale wapi, aripoti lini, asionane na nani, asifanye kazi gani. Afisa wake ndiye anayeangalia kama masharti yanafuatwa, na yasipofuatwa afisa huandika ripoti, na mtu hurudishwa ndani. Kalamu hiyo ni nyepesi mno mkononi, na hilo lilinitia hofu tangu siku ya kwanza.

Siku hiyo ya kwanza nilivaa koti jipya na nikapanga maswali kumi na mawili. Aliyeletwa mbele yangu alikuwa mwizi wa magari mwenye heshima zake. Akayajibu yote kumi na mawili kwa neno "fine". Maureen, aliyepewa kazi ya kunifundisha, alikuwa ameketi pembeni akimenya chungwa. Alikuwa Mwingereza wa umri wa makamo, mwenye miguu mikubwa na sauti ya mkunga. Mtu alipotoka, Maureen aliniambia, "Muulize alikuja na basi gani."

Nilidhani ananitania. Lakini jaribuni. Mtu atakudanganya kuhusu moyo wake, atakudanganya kuhusu pombe, lakini ukimuuliza njia aliyopita atakueleza bila kufikiri. Asemaye amekuja kwa tramu kutoka Wimbledon na huku anatakiwa kulala Norwood, hapo ndipo mazungumzo yanapoanzia. Vifaa vyangu kwa miaka yote vilikuwa hivyo: ramani ya mabasi, daftari lenye mistari mipana, biskuti zisizo na krimu, na kiti cha mgeni kilichotazama dirisha badala ya kunitazama mimi. Mtu husema zaidi akiwa anatazama nje.

Maureen alinifundisha na jambo la pili. "Usipokee kitu. Hata ua. Na ukipokea, andika siku hiyo hiyo kwenye kitabu cha zawadi." Kitabu hicho kilikuwa chekundu, kinaning'inia kwa kamba jikoni, na muda wote nilipokuwapo sikuona kimejaa kurasa nne. Nilimwambia kwamba kwetu Mombasa mkono mtupu haulambwi. Akasema kwao Croydon mkono uliojaa hufukuzwa kazi.

Sasa Papa Byamungu, "papa" kama Wakongo wanavyosema "baba".

Alikuja kwangu nikiwa na uzoefu wa kutosha kujiona hodari, na huo ndio wakati mbaya kuliko wote. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mtu mzima kunizidi, mrefu, mwembamba, anayekunja koti lake na kulipakata kama mtoto. Yeye na mwenzake walikuwa na biashara ya kusafirisha masanduku ya watu kwenda Kongo na Burundi. Masanduku yakaacha kufika. Mwenzake akatoroka, naye Byamungu, badala ya kusema, aliendelea kupokea masanduku mengine kwa miezi, akitumaini meli ya mbele itaokoa ya nyuma. Watu walipoteza nguo za arusi, dawa za wazazi, mashine za kusaga. Akafungwa, na hakusema kwamba ameonewa. Gerezani walimkalisha kwenye cherehani, na kumbe ujana wake wote alikuwa fundi.

Masharti yake yalikuwa ya kawaida isipokuwa moja: asiingie katika ubia wowote wa biashara bila ruhusa ya maandishi kutoka kwa afisa wake. Nililipenda sharti hilo. Nilijiona nimerudi kwenye meza yangu ya zamani.

Nilimwamkia "shikamoo" siku ya kwanza, kwa kuwa sikulelewa kumwita baba wa watu kwa jina kama karani wa benki. Alicheka sana. "Mama, kwetu hatusemaka vile. Lakini miye nimeitika." Miezi saba alikuja kila wiki, dakika kumi kabla ya saa yake, kwa basi namba ile ile kutoka Peckham. Hakuwahi kunipa sababu ya kuinua kalamu. Nilimpenda, nasema wazi. Kumpenda mtu unayemsimamia si kosa, kosa ni kudhani kwamba kwa kuwa unampenda unamsimamia vizuri.

Siku moja ya Alhamisi, si siku yake, mapokezi wakanipigia simu kwamba nina wageni. Nikashuka. Nikamkuta Pasta Elias, mchungaji wa kanisa la Wakongo huko Peckham, ndani ya suti ya kijivu. Kando yake aliketi bibi kizee aliyevaa kitenge na makoti mawili, Mama Sifa, na mbele ya Mama Sifa kulikuwa na kigari cha sokoni chenye kreti ya soda. Mlinzi alikuwa ameikagua chupa moja moja.

Nikawaingiza kwenye chumba kidogo. Pasta akasimama kusema.

"Mama, sisi tumetumwa. Njo maana nimekuja na mzee wetu. Papa Byamungu anaomba njia. Mama Furaha ana atelier ya kushona kule Peckham, macho yake imechoka, anatafuta mwenye kusaidiana naye, nusu kwa nusu. Papa hawezi kuja kujisemea neno kubwa vile. Njo sisi tunalisema."

Nilielewa mara moja, na hapo ndipo dhambi ilipoanzia. Kwa Mwingereza yeyote pale ndani hao walikuwa watu wawili wenye kreti. Kwangu mimi walikuwa washenga. Neno kubwa mtu hajisemei mwenyewe. Hutuma wakubwa wake, na wakubwa hawaendi mikono mitupu. Nilikuwa nimesema miaka kumi na tano kwamba ubia ni ndoa, na sasa ndoa imekuja na posa yake.

Nikasema yale ninayotakiwa kusema. "Pasta, mimi siwezi kuzungumza na nyinyi habari za mtu yeyote. Hata kama namjua, siwezi kuwaambia namjua. Ni sheria ya siri."

Mama Sifa akainua kichwa. "Hatukukuomba useme, mwanangu. Tumekuomba usikie."

"Nimesikia," nikasema.

Alitabasamu, akasukuma kile kigari kwa mguu kuelekea upande wangu. Alikuwa amebadilisha mabasi matatu, na magoti yake niliyasikia alipoinuka. Kumwambia mwanamke yule azoe chupa zake arudi nazo sikuweza. Nilibeba kreti hadi jikoni, nikaiweka chini ya meza. Kitabu chekundu kilikuwa kinaning'inia mbele ya pua yangu. Kama ningeandika soda ningelazimika kuandika na wageni, na wageni wangelazimu maelezo, na nilikuwa na ripoti mbili za kumaliza na ndege ya kupanda Jumamosi kwenda Mombasa. Nikajiambia nitamwita mwenyewe nikirudi, nimweleze taratibu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini mara nyingine tumbo linaloumia ni la mwingine.

Mnajua kwetu mambo haya yanavyokwenda. Dada yangu mkubwa aliposwa na watu ambao marehemu baba hakuwataka. Hakuwatukana wala hakusema hapana. Alasiri hiyo hiyo sinia lao lilirudishwa na halua yake haijaguswa, na mtaa mzima ukajua jibu. Kisichorudishwa mlangoni kimekubaliwa. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma.

Nilikaa likizo wiki tatu. Soda zilikuwa zimenywewa Ijumaa ile, kabla sijaondoka, katika siku ya kuzaliwa ya mtu wa idara ya takwimu.

Niliporudi nilipanda basi kwenda Peckham kumtembelea Byamungu nyumbani, ziara ya kawaida. Sikufika kwake. Katikati ya duka la mihogo na saluni niliona kibao kipya, rangi ya njano, herufi ndefu kama mkono: FURAHA NA BYAMUNGU, MAFUNDI. Yeye alikuwa ndani, tepu shingoni, mguu kwenye cherehani. Mama Furaha, mwanamke mnene mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, alikuwa akikata kitambaa cha sare za kwaya. Aliponiona Byamungu aliruka kwa furaha, akafuta kiti kwa mkono wake.

"Mama, karibu! Nilibaambia, Mama atakuja mwenyewe kuona."

"Papa, jina lako hapo juu, nani alikupa ruhusa?"

Akaendelea kucheka kidogo, kisha akauona uso wangu. "Weye."

"Mimi sikukupa karatasi yoyote."

"Karatasi itafuata, Mama. Neno njo la kwanza. Nilitumaka batu bakubwa. Ulibapokea. Nilingojea siku tatu, soda haikurudi. Nikangojea ingine wiki, haikurudi. Kwetu kitu kama hakirudi, njo jibu."

Hata kwetu. Maneno hayo mawili yalinijia hadi kwenye meno, na kama ningeyasema, hadithi hii ingekuwa fupi. Badala yake nikasema, "Hapa ni Uingereza, Papa." Na nikayasema kwa Kiswahili.

Hakubishana. Alitoa tepu shingoni akaikunja, akaiweka juu ya meza mbele ya Mama Furaha.

Ripoti niliiandika jioni ile ile, kwa sababu sheria ilinitaka, na niliiandika vizuri. Sharti lilikuwa wazi, nilisema, na limevunjwa. Mtu huyu alikuwa na historia ya kuficha mambo ya ubia. Kila sentensi ilikuwa kweli. Wageni sikuwataja, wala kreti. Maureen, ambaye kwa wakati huo alikuwa mkuu wangu, alikuwa mapumzikoni, na aliyekaimu alitia saini bila kukaa. Siku ya pili polisi walimchukua Byamungu dukani. Mama Furaha alinipigia simu, hakulia wala hakugomba. Aliuliza tu: yale magauni ya kwaya Papa aliyoyakata, ayashone nani, kwa sababu yeye hauoni tena uzi?

Nilimpa namba ya ofisi, kana kwamba ofisi inashona.

Maureen alirudi Jumatatu iliyofuata, akasoma mafaili yote yaliyopita bila yeye, kama ilivyokuwa kawaida yake. Akaniita.

"Kuna kitu sikielewi," akasema. "Mtu ametii miezi saba. Kisha anavunja sharti moja tu, na anaandika jina lake juu ya mlango kwa rangi ya njano. Wanaojificha hawanunui rangi ya njano. Alikuwa anafikiri nini?"

Nilitazama dirisha. Kiti kile kilifanya kazi hata kwangu.

Nikamweleza. Washenga, posa, sinia la baba, na lile neno langu "nimesikia", ambalo kwa Kiingereza si chochote na kwa Kiswahili ni nusu ya ndiyo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hizo soda ziko wapi sasa?"

"Zilinywewa."

"Na mimi nilikunywa?"

"Mbili. Ya chungwa na ya nanasi."

Alifumba macho. Kisha akasema, "Naweza kukutetea, lakini kuandika siwezi. Aliyeona ni wewe."

Usiku huo sikulala, na sitawachosha nao. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na nyumba ya kupanga. Kama ningenyamaza, hakuna binadamu ambaye angejua: Pasta hakuwa na ushahidi, kreti ilikwisha kwenda na takataka, na Byamungu alikuwa mfungwa wa udanganyifu. Nani angemwamini dhidi yangu? Hilo ndilo lililoniamsha kitandani. Si wema. Ilikuwa aibu ya kuona jinsi nilivyokuwa salama.

Mficha uchi hazai. Asubuhi niliandika kurasa mbili. Kwamba watu walikuja kwa niaba yake kuomba ruhusa, na niliwapokea. Kwamba nilichukua zawadi na sikuiandika. Kwamba katika desturi yangu na yake kitendo hicho ni kukubali, nami nilijua maana yake nilipokifanya. Kwamba ripoti yangu ya kwanza haikuwa na uongo na haikuwa ya kweli. Maureen alizisoma amesimama, akazipeleka juu mwenyewe kwa ile lifti mbovu.

Byamungu alitoka siku ya kumi na tisa tangu achukuliwe. Ubia wake ulikaguliwa upya na afisa mwingine, ukapata karatasi yake yenye muhuri, na kibao cha njano kikabaki. Mama Furaha hakuwa amekishusha hata siku moja. Aliwaambia waliouliza kwamba mwenzake amesafiri. Kwaya ilichelewa kupata sare zake, ikaimba Pasaka kwa nguo za mwaka uliotangulia.

Mimi nilipewa barua ya onyo na nikatolewa kwenye usimamizi wa watu, nikapanga faili miezi kumi. Nilistahili. Kilichoniuma ni agizo la mwisho katika barua ile: nisiwasiliane naye kwa njia yoyote. Kwa hiyo sikupata kumwambia samahani. Nilijua alitoka kwa sababu niliona kwenye kompyuta, kama mtu asomaye habari za mvua ya mji mwingine.

Miaka iliyofuata ilikuwa mingi na mingine ilikuwa mizuri. Nilirudishiwa watu wa kusimamia. Nilimpata kijana wa Wembley aliyekuwa akija na mama yake kila wiki mpaka mama akawa ndiye anayeripoti. Nilimpata mzee aliyeogopa mlango wenye kitasa cha ndani. Nyinyi mnaoanza, ninalowaomba ni dogo. Msipende sana kujiona kwamba mnawaelewa watu wa kwenu. Mkiwaelewa, andikeni mlichoelewa siku hiyo hiyo, kwa sababu hakuna mwingine atakayekijua mkikinyamazia. Na kitabu chekundu kipo bado. Kamba ndiyo mpya.

Nimestaafu mwezi uliopita. Agizo la ile barua lilikuwa la mwajiriwa, na mimi si mwajiriwa tena. Masharti ya Byamungu nayo yalikwisha zamani. Wiki ya kwanza ya kukaa nyumbani nilinunua kreti ya soda.

Sikwenda mwenyewe. Neno kubwa mtu hajisemei. Nilimpigia simu Maureen, ambaye sasa anatembea na fimbo na ameanza kusikia anachotaka tu, nikamwambia nahitaji mtu mzima wa kumtuma. Wa pili alikuwa binti yangu Aisha, kwa ajili ya lugha na kwa ajili ya kubeba.

"Mum, nitasema nini? This is so awkward."

"Sema mmetumwa. Sema nani amewatuma. Wekeni chini, mkae kidogo, mtoke."

"And if he says no?"

"Hatasema. Atawarudishia."

Nikawasindikiza hadi Peckham, nikabaki kituo cha basi upande wa pili wa barabara. Kibao kilikuwa kimechujuka hadi rangi ya siagi, lakini majina yote mawili yalisomeka. Nikaona mlango unafunguliwa, nikaona fimbo ya Maureen inaingia, kisha kreti, kisha Aisha. Basi likaja likanizibia. Likaondoka. Nikayahesabu mabasi mengine sita, na dereva mmoja akaniuliza kama nimepotea. Niliogopa, mimi niliyewaogopesha watu miaka yote ile kwa kalamu. Niliwaza: akiirudisha ana haki, na nitaibeba mwenyewe mpaka nyumbani, na nitakuwa nimejibiwa.

Mlango ukafunguliwa. Aisha alitoka kwanza, mikono mitupu. Nyuma yake Maureen, anaifuta midomo yake kwa kitambaa. Wakavuka polepole.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Hakusema kitu," Maureen akajibu. "Aliitazama sana. Kisha akatafuta kifungulio, akafungua tatu. Tumekunywa." Akanitazama kwa wasiwasi, yule mwanamke aliyenifundisha kazi. "Nilikuwa na haki ya kunywa? Au nimeharibu?"

Nilikuwa nalia. Aisha ndiye aliyemwambia, kwa Kiingereza, kwamba hajaharibu kitu.